Vitambaa Vyekundu vya Fundi Methuselah Bwire wa Malaba

Marehemu Methuselah Bwire alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 huko Bukhayo, akasoma hadi darasa la sita mwaka 1945, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo hakuweza kuona kitu kimefunikwa asitake kujua ndani kuna nini.

Alijifunza ufundi wa magari mjini Kisumu kuanzia mwaka 1948, akafunga ndoa na Roselida Auma tarehe 20 Agosti 1955, wakajaliwa wana watatu na binti mmoja, kisha Januari 1963 akafungua gereji yake Malaba, ambako sigara ilizimwa langoni na uwanja ulinyunyiziwa maji kabla injini haijafunguliwa.

Tarehe 12 Machi 1974 lori lililotoka mikononi mwake lilizimika kwenye mwinuko wa Amukura, likarudi nyuma, na dereva Ikapel akavunjika mkono, kwa kuwa tambara la kijivu, lililowekwa kuziba mdomo wa injini vumbi lisiingie, lilisahaulika humo likafyonzwa. Wengine walitaja mapepo ya barabarani, lakini marehemu aliuliza tu, “Mbona hatukuliona?”, akachovya vitambaa vya kila rangi katika oili chafu, akavichungulia kimoja kimoja ndani ya injini, na chekundu kikashinda kwa kuonekana, ndipo akalichana gauni jekundu la kwaya la mkewe, naye Mama Roselida akamwambia, “Sasa fundi, lori limevaa, mimi nitavaa nini?”

Hapo ukazuka uvumi kwamba Bwire anafunga injini kwa uganga wa vitambaa vyekundu, madereva wakamkwepa, na Mama Roselida akasimamishwa kwaya, hadi mzee wa kanisa Barnabas alipoitwa gerejini, akainamishwa juu ya injini yenye tambara la kijivu, akaapa haoni kitu, akaonyeshwa chekundu, akacheka na kusema, “Kumbe uganga wenyewe ni macho!” Jumapili iliyofuata Mama Roselida aliimba, akiwa na gauni jipya.

Tangu ajali ile marehemu hakuwasha injini kabla ya kuuliza, “Vyote vimetoka?”, na mafundi wake kuitikia, “Vimetoka, mzee.”

Aliugua homa ya mapafu mwezi Julai, akaaga dunia Ijumaa, tarehe 8 Septemba 1978, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Malaba na Bukhayo, mafundi wenzake, na Bwana Ikapel, aliyeliendesha mwenyewe gari lililomleta nyumbani.

Vyote vimetoka, mzee. Pumzika kwa amani.