Mbabula Katika Banda la Kuku

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Najua mnajiuliza Maman Riziki anasimama tena kufanya nini, si alishuhudia juzi juzi tu? Ni kweli. Nilisema shetani alituma baridi iue wanyama ninaotunza, na Mungu akawaokoa. Wengi wao Mungu aliwaokoa kweli. Ila shetani nilimsingizia.

Ninafanya kazi kwa Madame Lieve, mjane wa kizungu anayeishi mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, mwenye farasi mzee anayeitwa Bella na kuku tisa. Banda la kuku na zizi la Bella vinatenganishwa na mbao tu. Theluji ilipoanza, Madame alikuwa kwa binti yake. Aliniachia funguo na maagizo: nivunje barafu kwenye ndoo, nimpe Bella maji ya vuguvugu, nichokoe theluji kwenye kwato zake, na madirisha ya juu ya banda na zizi yabaki wazi. Wazi! Mimi mtu wa Bukavu nikaona huyu mama amechanganyikiwa. Kuku wamejikunyata, vidole vyangu havisikii kitu, halafu niache dirisha wazi?

Basi nikafanya kama tunavyomfanyia mama aliyejifungua kule kwetu. Nikaziba kila tundu kwa magunia. Nikawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, nikaiweka bandani, nikafunga mlango. Kisha nikapanda tramu nirudi kwangu Schaerbeek kupika.

Ndugu zangu, sikuweza kukaa. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Nikadhani nimesahau simu, kumbe iko mkononi. Papa mmoja, mzee aliyekaa karibu nami, akaniuliza kama naumwa. Kituo cha nne nikashuka, nikarudi mbio naanguka kwenye theluji, sijui hata ninachokimbilia.

Nilimsikia Bella kabla sijafika, anapiga mlango mateke. Nilipofungua banda, hewa nzito ya makaa ikanipiga usoni, na kuku wote walikuwa wamelala chini. Niliitupa mbabula kwenye theluji, nikang'oa magunia, nikawatoa kuku mmoja mmoja huku naliita jina la Yesu. Saba waliinuka. Wawili hawakuinuka. Bella alikohoa mpaka nikalia.

Madame aliporudi, nikamwambia ni baridi. Akaniamini. Akasema basi zizi lake limezeeka, hawezi kumwacha Bella ateseke tena, mwisho wa mwezi kuna mtu atakuja kumchukua. Ndugu zangu, farasi mzee hivyo hachukuliwi akafugwe.

Nikamweleza mume wangu. Akasema, “Ukimwambia atakufukuza. Bon, nyamaza tu, bintu bilishaisha.” Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, nami nikamtii. Nikaja hapa nikawatolea ushuhuda wa ule uongo, mkaniombea, nikatoka na wasiwasi mkubwa kuliko niliokuja nao. Nafua, naacha nguo kwenye maji. Naanza kuomba, naamka kuchungulia dirishani. Siku zinakwisha, na Bella yeye anakula nyasi zake, hajui kitu.

Alhamisi nikashindwa. Nikamwambia, “Madame, si baridi. Ni mimi. Niliwasha moto, nikafunga kila mahali.”

Hakupiga kelele. Aliniomba funguo, nikampa. Akaenda zizini peke yake, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akapiga simu mbele yangu, akamwambia yule mtu asije. Halafu akanigeukia: “Kazi unabaki nayo. Funguo nabaki nazo mimi. Utagonga, nitakufungulia.”

Sasa kila asubuhi nagonga, na kila nikigonga naona aibu. Lakini Bella yupo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na hata kwa hiyo aibu.

Ndugu zangu, nilikuwa namwomba Bwana aniondolee wasiwasi, kumbe ni yeye mwenyewe aliyekuwa ananisukuma. Wewe uliyekaa hapo na moyo hautulii, usimwombe autulize kwanza. Mwamini, uende ukaseme. Mimi niliogopa mlango utafungwa, na umefungwa kweli, lakini nikigonga nafunguliwa.