Watu Elfu Nane wa Unyayo Mmoja

Sogeeni karibu, wanangu, na safari hii msiwahi kulia, maana mara mbili mmekwisha kuniaga na mara mbili nimewaaibisha kwa kupona. Mwaka jana mlichinja mbuzi wa buriani, na aliyekula ini ni mimi. Lakini leo daktari wa hapa Lodwar amenirudisha nyumbani akaniambia nile chochote ninachokipenda, na mtu aliyetembea kama mimi anajua kwamba daktari akiacha kukukataza chumvi, ameshalifunga faili lako. Basi tegeni masikio. Ebenyo, weka simu mfukoni. Rispa, inua mto huu kidogo, hapo, hapo hapo. Na wewe Achol, dada yangu, uliyetoka Kakuma alfajiri ukapanda gari la mkaa kuja kuniona, usikae mlangoni kama mgeni. Kaa hapa kitandani, miguu yangu haidai nafasi tena.

Nawaambia kweli, siku hii nimeiogopa miaka mingi, na sasa imefika naiona kama utingo wa lori anavyoziona taa za mji baada ya siku tatu za vumbi: mwili umekwisha, lakini moyo unasema, afadhali.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo, na kidogo humalizwa kwanza. Nyumba hii na kibanda cha kazi ni vyenu wawili, wala asije mtu akajenga ua katikati. Mbuzi walioko Katilu kwa mjomba wenu ni wa Rispa, aliyewahangaikia wakati wa ukame sisi wengine tukihangaikia kivuli. Redio mpeni jirani yetu Amuria. Ameisikiliza kupitia ukutani miaka kumi na moja bila kusema ahsante, na ugomvi wetu wa sauti kubwa umekwisha leo. Sasa aisikilize akiwa upande wenye vitufe.

Limebaki bati. Mgeni akiliona limetundikwa pale kwenye msumari atadhani ni takataka, kipande cha debe la mafuta ya msaada kilichokatwa umbo la mguu usio wa kushoto wala wa kulia. Lakini kwa bati hilo tumekata soli za akala, viatu vyetu vya tairi, miaka yote hii, kwa bati hilo mmesoma, na kwa ajili ya bati hilo ninyi wawili, watoto wa tumbo moja, hamjasemezana tangu Jumapili. Barua ya lile shirika la msaada nimeilalia makusudi, msije mkaichana. Wanataka akala elfu nane za kugawa kwa wakimbizi kambini Kakuma na vijijini, na chini ya kila soli wanataka nembo yao, ili kila mtu akikanyaga mchanga aache picha ya shirika. Na wanataka jibu leo kabla ya saa sita. Ebenyo anasema tukikataa tutakuwa wajinga wa kupigiwa mfano. Rispa anasema soli hizo zikikatwa, yeye anachukua kisu chake anakwenda zake. Na wote mnangoja niseme bati ni la nani, kwa sababu mwenye bati ndiye mwenye jibu. Ngojeni. Mgonjwa haharakishwi, na hiyo ndiyo faida pekee ya ugonjwa.

Mnanijua kama fundi, lakini kabla ya hapo nilikuwa utingo, na utingo ni mtu anayeizunguka dunia akiwa amekaa juu ya magunia ya mwenzake. Nimefika Mombasa, Kampala, Kapoeta. Nimetapika katika nchi tatu. Safari ya mwisho lori letu lilipinduka ng'ambo ya Nadapal, nikapoteza kiatu cha kushoto, nikatembea siku mbili hadi Lokichoggio na kile cha kulia peke yake, nikikihamisha mguu huu hadi huu, na kila nikikivisha mguu wa kushoto kilinitazama kama mkwe aliyekosewa heshima. Wazo la maisha yangu sikulitafuta, liliniingia kwa miiba: kazi ya kiatu si kupendeza, kazi yake ni kumrudisha mtu nyumbani.

Baadaye sana watu wa Nairobi walitukusanya mafundi hotelini, wakabandika makaratasi ukutani, wakaniuliza mbele ya wenzangu dira ya biashara yangu ni nini. Mimi nilidhani ni ile dira ya mabaharia, nikawajibu sina, barabara ya Kakuma ni moja tu. Walicheka, nami nikacheka kuwashinda, kwa kuwa chai ilikuwa na maziwa mengi. Nilipokuwa narudi ndipo nikatambua kwamba dira ninayo tangu Nadapal, ila sikuwa nimeibandika ukutani. Lishikeni hilo. Kila aliyeniletea jambo jipya nililipitisha kwenye swali lile lile: litamrudisha mtu nyumbani? Ebenyo, ulileta vifungo vya chuma vinavyong'aa kama meno ya mwanasiasa. Nikakuuliza, kikikatika huko Lowarengak, mvaaji atapata wapi kingine? Ukanuna wiki nzima. Rispa akaleta kanda za kupitisha na kufunga fundo, ambazo mchungaji anaweza kuzitengeneza porini kwa mwiba na kipande cha ngozi. Tukaanza kuzishona siku hiyo hiyo. Ukasema nampenda dada yako. Nawapenda sawa, mwanangu. Fundo ndilo nililolipenda zaidi ya kifungo.

Na hili la kuuza kiatu kimoja kimoja, ambalo mji mzima unanisifia kwalo, leo nalitubu. Halikuwa akili yangu. Nilikata soli sitini zote za mguu wa kulia, kwa sababu fundi mwenye akili hukigeuza kipimo upande wa pili na mimi sikukigeuza. Achol, uliyekuwa umekuja kununua kanda tu, ulicheka hadi ukaketi chini. Kisha ukachukua debe tupu la mafuta, ukalikata umbo linaloingia mguu wowote, ukaniambia, "Mzee, mtu akipoteza kimoja, kwa nini anunue viwili?" Wiki ile ile laga ya Tarach, ule mto wa msimu, ikafurika, ikaondoka na viatu vya nusu ya Kakuma, kimoja hapa, kimoja pale, nawe ukabaki kibandani kufanya kazi nami, tukauza hadi mikono ikafanya malengelenge.

Lakini hakuna zuri lisilokuja na kasoro yake. Akala zote zikawa na umbo moja, na sisi watu wa huku tunausoma mchanga kama wengine wanavyosoma gazeti. Mke wa Amuria akafuata nyayo za mumewe kutoka kisimani, zikampeleka hadi kwa mjane mmoja, akaingia na fimbo, akamkuta katekista juu ya paa akifunga majani ya mkoma. Mumewe alikuwa nyumbani, amelala. Nyumba tatu hazikuinjika chungu siku hiyo. Mimi nilicheka, Achol hakucheka. Alichukua kisu akaanza kumkatia kila mteja alama ya mifugo wake chini ya soli, mstari kwa huyu, duara kwa yule, na Wadinka wenzake akawakatia pembe za mafahali wao, hata fahali aliyebaki kwao Bor na haijulikani kama yu hai au la. Hapo ndipo watu walipoanza kupanga foleni. Mtu alinunua kiatu akaondoka na jina lake chini ya mguu.

Nipeni maji kidogo. Sasa nafika mahali penye aibu.

Kabla ya uchaguzi wa Machi mwaka huu wa elfu mbili na kumi na tatu alikuja mgombea wa kujitegemea, jina lake nimelisahau kwa makusudi, alama yake kijiko. Alitaka akala mia sita zenye kijiko chini, ardhi yenyewe impigie kampeni. Achol alikataa. Aliniambia, "Mzee Lokeno, mtu si kijiko." Nikamjibu kwamba soko halina subira, nikazikata mwenyewe, nikajiona mbunifu. Zikagawiwa bure kutoka Katilu hadi hapa. Ndipo mzee Lomunokol akatoka na mbuzi wake, homa ikampanda, akapotea, na nduguze walipokwenda kisimani kutafuta nyayo zake wakakuta vijiko. Vijiko vinakwenda mashariki, vijiko vinakwenda magharibi, vijiko vinavizunguka vijiko. Siku nne. Walimpata hai, Akuj, Mungu wetu, ashukuriwe, wala hawakumpata kwa akala yangu. Walimfuata mbuzi wake mwenye ukwato uliopinda, maana mbuzi hakuwa amepewa viatu na mgombea.

Nduguze wakaja kibandani na fimbo, wakauliza ni nani aliyekata upuuzi huu. Na mimi, baba yenu, mzee wa kanisa, mwenye kusimama mbele kila Jumapili, nikanyoosha kidole: "Mkata alama ni huyu mama wa kambini." Achol alikipangusa kisu, akakiweka juu ya benchi, akaenda kutafuta gari la Kakuma. Mliponiuliza, nikawaambia amerudi kwao Sudan Kusini. Uongo. Miezi mitano alikuwa mwendo wa kilomita mia na ishirini, na mimi niliyejigamba kwa Kampala na Kapoeta nikashindwa na njia hiyo. Daktari aliponiambia moyo umevimba, nilijua umevimbia nini. Achol, nilikusingizia. Sina ng'ombe wa kukufidia, na ningekuwa naye nisingethubutu kukutolea ng'ombe kwa jambo hili. Nakuomba msamaha mbele ya watoto wangu, nao wawe mashahidi.

Unacheka nini? Rispa, msikilize vizuri, sikio langu la huku limeshatangulia. Ati anasema malesh? Ati yamekwisha, alijua siku ile ile kwamba ulikuwa woga na wala haikuwa chuki, na hakurudi kwa sababu alihitaji kupumzika na utani wangu? Na miezi mitano haikutosha? Loo, mama huyu. Msinichekeshe, kifua kinakataa. Ngojeni nipumue. Lakini kimetoka, wanangu. Lile jiwe nililolala nalo tangu Machi limetoka, na hata maumivu yaliyobaki yanaonekana kama mgeni mwenye adabu.

Sasa mnajua kwa nini barua hii inanitetemesha, hii hapa, ishikeni. Watu elfu nane wa unyayo mmoja, kisha mmoja wao apotee. Ningeweza kuwaambia kataeni, nikafa nikiwa na haki. Lakini wosia wa kukataa ni mwepesi mno. Mtaikataa hii, kesho litakuja jambo jingine ambalo sikulitaja, nanyi mtakwenda kunigongea kaburini, na mimi nikilala sipendi kugongewa. Kwa hiyo sisemi kataeni wala kubalini. Nauliza tu, kazi ya kiatu ni nini? Ebenyo, jibu wewe uliyeitaka kazi hii. Usitazame chini. Usitafute maneno ya kunipendeza, nina muda mfupi wa kupendezwa.

Sema tena. Nembo yao ikae juu, kwenye ukanda, waione wao na wapiga picha wao; chini pabaki patupu, na kila mtu akatiwe alama yake siku ya kugawiwa? Rispa, usimkate, muulize vizuri. Ebenyo, anauliza ni nani atakayekata alama elfu nane, wewe na vidole vyako vya kubonyeza simu? Swali zuri. Na unajibuje? Ati hapa kila mfugaji anaijua alama ya mifugo wake tangu hajaota meno, kambini mama Achol atachagua mafundi wake, kazi yetu sisi ni kupeleka visu. Na shirika likikataa? Ati likikataa, litafute miguu kwingine.

Rispa, umempa Ebenyo barua aishike mwenyewe? Basi. Mkono wako mimi naujua, huo ni wa kuridhika.

Ebenyo, hilo sikuliwaza mimi. Mimi nilikuwa na njia mbili, ndiyo na la, na zote mbili zilinitisha. Kumbe nilikuwa nimelala hapa nikiogopa kwamba mmoja wenu atatoka na bati na mwingine atatoka na kinyongo.

Sikieni, basi, na msinirudishe nyuma, sauti inapungua. Bati ni la Achol, kwa sababu ndiye aliyelikata, na jina lake lisemwe kila mtu akiuliza. Kisu changu achukue Rispa; huyo hawezi kushawishiwa kukata upuuzi. Barua zote, hii na zijazo, atajibu Ebenyo, lakini asipeleke jibu kabla wenzake hawajalisikia. Mkikosana, kosaneni kibandani, mkiwa mnafanya kazi. Mnaweza kubadili kila kitu, hata umbo la bati, hata tairi lenyewe likipatikana bora. Swali tu msilibadili.

Nizikeni hapa Lodwar, ng'ambo ya mto Kawalase, nimesafiri vya kutosha. Msinivishe viatu vya ngozi vya kuazima. Na risala... risala iwe fupi, watu wamesimama juani.

Inameni sasa. Rispa, yale maji, si ya kunywa. Baraka haitemwi kwa mdomo mkavu. Hivyo. Ebenyo, vua kofia. Achol, na wewe, lete kichwa, wewe pia ni wa hapa. Akuj awanyeshee. Mbuzi wenu wazae mapacha. Mikono yenu isikose tairi. Ejok iwe ndiyo salamu yenu asubuhi na jioni, wazima, ninyi na watakaowazaa. Mkitoka, mrudi. Na mmoja wenu akipotea... akipotea, watoke watu wanaoujua unyayo wake... waufuate... hadi alipo.

Ndiyo hayo. Kaeni tu hapo. Mimi napumzika.