Mama Waisiko na Mlango wa Kanisa Lisilo na Kuta

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mtunza kanisa wetu, Mama Tabitha Waisiko, anastaafu rasmi tarehe 29 Novemba 1998. Miaka ishirini na moja ya mwanzo alitunza kanisa. Iliyofuata alitunza kile tulichomwachia, na kilimpa kazi zaidi.

Vijana wengi hawakuliona kanisa lile la Anglikana. Wamisionari walilijenga enzi za mkoloni, kilimani kati ya Nyamwaga na Matongo, kwa mawe ya kuchonga. Mbele lilikuwa na nguzo nne nene na juu yake paa la pembetatu, kama majengo ya Wayunani wa kale. Wenyeji hawakuwajua Wayunani, ila mahakama waliijua. Siku moja mzee wa Nyangoto aliyekuwa na kesi alipanda ngazi zile, akavua kofia, akakiri wizi wa ng'ombe mbele ya Mama Waisiko aliyekuwa akipiga deki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapa umesamehewa, baba," alimwambia. "Sasa nenda mahakamani. Ya huko siyajui."

Kisha dhahabu ikatuingia vichwani. Tonny Ochieng, mchimbaji aliyekuja kutafuta bahati Matongo, alipewa kibarua cha kuchimba choo nyuma ya kanisa. Akaibuka na jiwe linalong'aa, akatangaza kwamba mwamba wa dhahabu unaelekea moja kwa moja chini ya madhabahu. Choo chenyewe hakijachimbwa hadi leo.

Wiki hiyohiyo Kamati ya Ujenzi, chini ya mwenyekiti wake Mzee Nashoni Kisyeri, iligundua nyufa. Waumini ambao hawakuwahi kuinua macho kutoka kwenye vitabu vya nyimbo walianza kuona ukuta ukiyumba. Kasisi wa wakati huo alihubiri kwamba Mungu hana shida ya nyumba. Maduka ya Nyamwaga yakaishiwa sururu.

Siku ya kubomoa, Mama Waisiko alifunga mlango mkubwa wa mninga, akaketi kwenye ngazi.

"Mama, tupe ufunguo," Mzee Kisyeri alimwomba. "Tunabomoa ili tujenge vizuri."

"Ufunguo ni wa watu wanaoingia kuomba. Wewe, mzee, unaingia kufanya nini?"

Mwenyekiti aliamuru watu wazunguke waanzie nyuma. Wakaanza na madhabahu. Mama hakusogea. Mawe yalianguka nyuma ya mgongo wake naye akilia bila kujifuta machozi. Kwa kuuheshimu umri wake, wabomoaji walimwachia ngazi, nguzo zake, na kipande cha ukuta wenye mlango uliofungwa.

Walichimba mpaka masika. Mnunuzi wa dhahabu alilitazama jiwe la Tonny, akalirudisha, akasema litapendeza kwenye chungu cha maua. Tonny alipanda gari la Sirari, hajaonekana tena. Mvua ikajaza shimo, ng'ombe wakapata maji, na huo ukawa mchango pekee wa Kamati ya Ujenzi kwa maendeleo ya mifugo.

Sisi tulihamia ghala la mahindi kusali. Mama aliendelea kufagia ngazi zake kila asubuhi. Watu walisema amechanganyikiwa.

Mwaka uliofuata Boke, binti wa Mzee Kisyeri, alikuwa anaolewa. Tangu utotoni alitamani kufungia ndoa penye nguzo zile. Akamwendea Mama mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Baba anaona aibu kuja."

"Marahaba. Aibu ni kitu kizuri. Mwambie aje nayo."

Siku ya harusi Mzee Kisyeri alitaka kumpitisha binti yake pembeni, kwenye nyasi, palipokuwa ukuta. Mama akamzuia.

"Pita mlangoni, mzee. Hili ni kanisa."

Akaufungua. Mzee aliinamisha kichwa, akapita na Boke chini ya mbingu tupu, ng'ombe wakinywa maji mbele yao. Alilia kwa sauti. Hata waliokuja kucheka hawakucheka.

Jumatatu yake wenye sururu waliitwa kusomba mawe ya msingi wa kanisa jipya, na Mama ndiye aliyesimamia. Kanisa la sasa ni la tofali na mabati. Linavuja upande wa kwaya, na Mama anasema hiyo ni haki yao kwa walivyoimba siku ya kubomoa.

Kamati, ambayo mwenyekiti wake hajabadilika, ilitaka kumzawadia kiwanja. Alikataa.

"Nipeni ndama jike," alisema. "Ng'ombe akiinamia ardhi, anataka nyasi tu."

Ndama amepatikana. Asante, Mama Waisiko. Kaa kwako kwa amani, ndama akue na azae, na maziwa yakizidi, utukumbuke hata sisi.