Namba za Bomba la Kumi na Moja

Runtun, niongezee mto mgongoni nisisongwe na kohozi, halafu kaa hapa miguuni pangu. Nawe Dehen, toa simu yako uiwashe irekodi, uilaze kifuani mwangu. Usinitazame hivyo, najua ninachotaka. Maneno ya mgonjwa hubadilika yakipita midomo ya watu, na haya ya leo sitaki yapungue wala yaongezeke. Mlipokuwa mnanong'onezana jikoni na mganga wa zahanati niliwasikia. Mapafu yamechoka, nami sina ugomvi nayo. Tegeni masikio basi, wanangu, na nawaomba msinikatize, maana nikikatizwa nitaogopa, na nikiogopa nitakufa na neno hili tumboni kama nilivyoishi nalo miaka tisa.

Nianze na vyepesi. Nyumba hii ni ya Runtun, kwa sababu ndiye anayejua paa linavuja wapi. Mashua na injini yake ni ya Dehen. Zile patu za shaba za kupiga ngomani, za marehemu mama yangu, zikae kwa Runtun, zitoke siku za shughuli, na asithubutu mtu kuziuza, hata awe na njaa ya namna gani. Bustani ya henzirani za kusukia vikapu nyuma ya nyumba mtaivuna pamoja. Lakini lile shamba la mipira ng'ambo ya mto, ile miti mia mbili na ushei iliyomsomesha Runtun na kununua hiyo injini ya Dehen, msigawane. Si letu. Halijawahi kuwa letu hata siku moja. Ni la mjomba wenu Salampak.

Dehen, kaa chini. Nimekwambia usinikatize. Najua jina hilo halitajwi ndani ya nyumba hii, na aliyelifukuza ni mimi.

Mnakumbuka nilivyoanza kazi ya mabomba. Watu wa ofisi walikuja baada ya ule mwaka wa moshi, wakachimbia mabomba membamba kumi na mawili kandokando ya mfereji mkubwa. Wakatuambia jambo ambalo wazee wetu walilijua bila ramani, kwamba ardhi yetu hii ni mizizi na majani yaliyolala majini tangu enzi, na maji yakiondoka haibaki ardhi tena, inabaki kuni. Kazi yangu ilikuwa kila siku ya tatu kutumbukiza fimbo bombani, kutazama ilipolowa, kuhesabu sentimita kutoka usawa wa ardhi hadi majini, na kutuma namba kwa simu. Huko mjini namba ziligeuzwa rangi katika ramani, nasi tukaiona ramani hiyohiyo kwenye simu zetu. Ikiwa kijani, maji yapo karibu. Yakishuka kupita arubaini, rangi inageuka, vijana wanaziba mfereji kwa magogo na hakuna anayewasha hata kiberiti shambani.

Watu walinicheka, mnakumbuka? "Mama Runtun, leo kinamasi kina homa?" Nami nikiwajibu, "Kina homa kama ya mumeo asubuhi ya kwenda kulima." Lakini kiangazi cha kwanza ramani ilipogeuka nyekundu tukaziba mfereji mapema, moto ukapita kwa jirani ukatuacha. Tangu hapo kicheko kikawa salamu. Ofisi wakaniletea karatasi yenye muhuri, imeandikwa kwamba mimi ni mwanamke asiyekosa hata siku moja. Baba yenu akaitilia fremu. Wanangu, karatasi ile ndiyo iliyoniua. Niliipenda kuliko nilivyoipenda kazi yenyewe.

Ule mwaka wa tisa kurudi nyuma, kiangazi kilipokaza, niliteleza kwenye magogo tunayovukia kinamasi, goti likavimba kama fenesi. Mabomba tisa ya karibu niliweza kuyafikia kwa kuchechemea. La kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili yalikuwa ng'ambo ya magogo. Baba yenu akaniambia, "Mama Runtun, acha wazi hapo, waandikie tu kwamba hukufika. Au niende mimi."

Nikamjibu, "Wewe hata saa ya ukutani huisomi, ndiyo uende kunisomea fimbo?"

Akacheka, maana alinizoea. Basi nikakaa pale jikoni, harufu ya samaki puani, nikaandika ishirini na nane. Siku ya tatu nikaandika thelathini. Siku ya sita thelathini na moja. Nilizipandisha kidogokidogo zifanane na ukweli. Mtu hudhani uongo mkubwa huja na kishindo. Wangu ulikuja na sufuria ikichemka, wala haukunizuia kula.

Ndipo akaja Salampak. Ndugu yangu wa pekee, niliyembeba mgongoni tangu alipokosa ziwa la mama. Akasimama chini ya ngazi, panga kiunoni, akasema, "Dada, nataka kuchoma kile kipande nyuma ya bomba la kumi na moja nipande mpunga. Njia ya kuzuia moto nimeshafyeka, na vijana wa zamu wameniruhusu kwa vile ramani ni ya kijani. Lakini simu ni simu. Wewe ndiye unayefika huko kwa miguu yako. Pakoje?"

Alikuja kuniuliza, wanangu. Hakutosheka na ramani, akaja kwa dada yake. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, "Ngoja, Salampak, sijafika huko siku tisa." Maneno hayo ni machache kuliko vidole vya mikono yangu. Badala yake nikamwambia, "Pabichi. Thelathini na moja. Choma tu."

Akasema, "Nikiungua nitakuja kukudai."

"Utanidai nini, mwenye ngozi ya kobe?"

Tukacheka wote wawili. Hatujacheka tena mpaka leo.

Mengine mliyaona. Moto wake ulizimika juu vizuri, kama alivyopanga, lakini ukawa umeshuka chini, ukatambaa ndani ya mizizi siku mbili bila mtu kuuona, ukaibukia upande wa pili wa mfereji. Baba yenu alikwenda na wenzake na mipira ya maji. Walipofika karibu na bomba la kumi na moja wakamwambia, ngoja kwanza tupime kwa mti, huenda chini pameungua. Naye akasema, "Huku pabichi, mke wangu amepima." Akatangulia. Ardhi ikafunguka, akazama mpaka kiunoni ndani ya makaa ya moto.

Wale wenzake waliniambia maneno hayo msibani, kunifariji. Waliyasema kama sifa ya mke. Nami nikayapokea kama sifa, nikainamisha kichwa. Amekwenda na amani, wakasema, alikuamini mpaka mwisho.

Nipe maji, Runtun. Kidogo tu. Basi.

Dehen, wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, ukataka kumfuata mjomba wako kwa panga, watu watatu wakakushika. Ungejua wa kumfuata alikuwa amelala chumba cha pili, ameufunika uso kwa kanga ya msiba. Maafisa walikuja na kompyuta yao, wakaifungua ramani mbele ya mkutano. Yule mkubwa wao akasema, "Siku ile hapa maji yalikuwa sentimita thelathini na moja tu. Kinamasi kilicholowa hivi hakishiki kwa moto wa shamba. Huyu bwana alimwaga petroli." Na kweli kibandani kwake walikuta galoni la petroli ya msumeno, tupu. Mnaona? Mlikuwa mkidhani petroli ndiyo iliyomfunga. Zilizomfunga ni namba zangu. Na bomba lenyewe lilikuwa limeyeyuka, halikubaki la kushuhudia.

Salampak akasema, "Muulizeni dada yangu."

Mkuu wa mila akanigeukia. "Mama Runtun, namba hizi ulizipima?"

Mkutano mzima ukanigeukia. Nikafikiri, nikisema kweli, watoto hawa watajua ni nani aliyemuua baba yao, nami nitabaki bila mume na bila watoto. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwamba nawahurumia ninyi. Nikasema, "Nilipima kwa mkono wangu."

Mjomba wenu hakupiga kelele. Aliniangalia goti. Lilikuwa bado limefungwa kitambaa. Aliliangalia kwa muda mrefu, na nikaona anaelewa, kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema polepole, "Kama dada amepima, basi amepima." Akakaa.

Angeweza kusema, mfungueni goti, muulizeni amefikaje huko. Hakusema. Mpaka leo sijui kama alinionea huruma au alinichukia hata kunitaja kukawa karaha. Miaka miwili jela, na kwa hukumu ya mila shamba lake la mipira likaja kwangu kuwa fidia ya damu ya mume wangu. Mimi niliyemuua nikalipwa.

Msilie sasa. Au lieni, lakini sikilizeni, pumzi si nyingi.

Mmekuwa mkinitania kwamba nalipenda kinamasi kuliko wajukuu, kwamba hata mvua ikinyesha bibi huyo anakwenda kupima maji yaliyojaa mpaka mapajani. Miaka tisa sikukosa, na sasa mnajua si kwa sababu ya sifa. Kila nilipolitumbukizia fimbo lile bomba jipya la kumi na moja niliongea na baba yenu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mwaka juzi nilikutana na Salampak sokoni, kule kwenye njia panda ya mto anakotengeneza injini za watu. Nywele zimekwisha. Akaniambia, "Dada, mabomba bado unapima?"

"Bado."

"Hata la kumi na moja?"

"Hata hilo."

"Vizuri," akasema, akafunga mfuko wake wa mboga, akashuka kwenye nyumba yake inayoelea. Nilikuwa na wakati wa kumwita. Miguu ilikuwa mizima, sauti ilikuwa nzima. Sikumwita. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilisubiri mpaka kifo kikaja chenyewe kunifungua mdomo.

Dehen, wewe ndiye kiongozi wa vijana wa moto. Ofisi wameleta vyombo vipya vyenye sola, vinapima na kutuma vyenyewe, na wewe umefurahi kwamba sasa hakuna haja ya mtu kulowa. Vitumie, ni vizuri, vinaona usiku na mchana. Lakini kiangazi kilichopita chombo cha bomba la nne kilisema siku tisa mfululizo kwamba maji yapo karibu, nikaenda na fimbo nikakuta sitini na mbili, na ndani ya chombo kiota cha sisimizi. Chombo hakidanganyi kwa kiburi kama nilivyodanganya mimi, ila hakijui kinapokosea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, mwanangu, ukatazame. Na siku usiyoweza kufika, acha wazi. Pengo humfanya mtu wa mjini apige simu aulize kulikoni. Namba ya kubuni humlaza usingizi, na huku watu wanaungua.

Sasa maagizo, maana ulimi unakuwa mzito.

Dehen, usimpigie simu mjomba wako. Chukua mashua uende leo hii, kabla jua halijapanda. Ukifika usikae kitini, kaa sakafuni chini yake, umsikilizishe sauti hii tangu mwanzo. Akikupiga, upigwe. Akikufukuza, ondoka kwa adabu.

Shamba mrudishieni mbele ya watu, mbele ya mkuu wa mila, mchana. Aliaibishwa hadharani, hawezi kusafishwa kwa siri. Nakala ya sauti hii Runtun aipeleke ofisini, na kwa wale waliomhukumu. Zile namba za kubuni zisifutwe. Waandike pembeni yake kwamba ni za uongo, na jina langu waliweke hapo, jina kamili.

Mifupa ya baba yenu imengoja miaka tisa kuhamishwa kwenye nyumba yake ya mwisho, kama mila yetu inavyotaka, na nyinyi mkidhani mama ni bahili wa kuchinja nyati wa shughuli hiyo. Nilishindwa kuipeleka roho yake kwa Muumba wetu, Ranying Hatalla, huku nimeifunga kwa uongo. Mfanyieni sasa. Lakini asiwepo mtu wa kuinua mfupa wa kwanza ila Salampak, kama atakubali. Akikataa... mngoje. Mngoje mwaka mwingine, na mwingine.

Na mimi... jeneza langu msilifunge mpaka aje, au atume neno kwamba haji. Akija, mwacheni anione uso. Aseme atakalo. Akinitukana, msimjibu. Hata neno moja, Dehen. Hata moja.

Runtun, nakuona unafungua mdomo. Usiseme umenisamehe. Msinisamehe leo. Msamaha wa kitandani mtu huutoa kwa kumhurumia mgonjwa. Nendeni mkanichukie kwanza inavyostahili, mkalie baba yenu upya, kisha... miaka ikipita, mkiona inawezekana, basi. Isipowezekana, sitawalaumu.

Mkono uko wapi... Leteni vichwa. Ule mchele wa kuwabariki, Runtun, weka kiganjani mwangu, sioni vizuri. Hivyo. Hivyo.

Ranying Hatalla awalinde nyinyi na watoto wenu. Mpate mvua wakati wake. Mkiulizwa... mseme mlichokiona. Msichokiona mseme hamkukiona. Riziki zenu ziwe... ziwe za kwenu. Mpendane. Runtun usimkaripie mdogo wako njiani. Dehen...

Dehen, mbona bado umekaa? Zima hiyo simu. Nenda kamlete mjomba wako.