Mzee Mativo Muasya na Jiliwa Lililoteleza

Marehemu Mzee Mativo Muasya alizaliwa tarehe 14 Aprili 1931 huko Mwala, Machakos, akiwa kitinda mimba wa Mzee Muasya na Mama Syombua. Alisoma hapo kijijini hadi darasa la nne, kisha ukame ukamtoa shuleni akasaidie kutafutia ng'ombe maji.

Alikuja Nairobi mwaka wa 1953, akajifunza ufundi wa chuma katika karakana moja ya Industrial Area. Tarehe 6 Desemba 1958 alifunga ndoa kanisani na Bi Nthoki, wakafanya maskani yao mtaani Mbotela.

Mwaka wa 1971 alifungua kibanda chake karibu na Jogoo Road. Jiliwa alilonunua la kubania chuma lilikuwa kuukuu, mataya yake yameisha meno, laini kama sabuni. Kazi nyepesi aliitandikia vipande vya tyubu ya baiskeli, bomba akalizungushia ngozi ya kiatu. Bi Nthoki hakupenda hata kulitazama. Aliogopa kwamba siku moja kitu kitachomoka kimuumize mtu.

Siku hiyo ilifika, Jumamosi alasiri, mwaka wa 1978. Bi Halimo, mke wa jirani yetu Gedi mwuza nyama, aliletwa mkono umekwama ndani ya mashine ya kusagia nyama. Zahanati walikuwa wamesema atafutwe kwanza fundi wa kukata chuma. Mzee aliibana mashine kwenye jiliwa, akaanza kukata kwa msumeno. Ikateleza. Bi Halimo akapiga mayowe, majirani wakatoka nje.

"Fundi, utanikata mkono!"

Mzee aliweka msumeno chini.

"Mama, hata mimi naogopa," alimwambia. "Lakini usiuvute."

Tyubu ingebonyea tu. Akakunja karatasi za msasa, upande unaokwaruza ukiwa nje, akazitandika kwenye mataya yote mawili, akakaza upya.

"Mama Koki, ishike," alimwambia mkewe. "Ikisogea hata kidogo, piga kelele."

Bi Nthoki aliishika kwa mikono miwili, akiomba kwa Kikamba. Haikusogea. Chuma kilipopasuka mkono ulitoka. Bi Halimo alipoteza kidole kimoja, vingine vilipona. Mzee alikwenda nyuma ya kibanda akatapika, na tangu hapo hakukata kitu kabla ya kukitikisa na kukitikisa tena, hata kama ni msumari.

Mwaka wa 1984 kifua kilianza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Asubuhi ya tarehe 9 Machi 1986, nyumbani, alimwita mkewe.

"Mama Koki, huko ninakokwenda kuna giza?"

"Sijui, Baba Koki. Sogea nikushike."

Alifariki akiwa amemwegemea.

Ameacha mjane, Bi Nthoki; watoto wake Koki, Maingi na Annah; dada yake Mirriam; na wajukuu. Bi Halimo na Gedi tuko nao hapa kando ya kaburi.

Mwenyezi Mungu amlaze pasipo na hofu.