Mwalimu Celestine Wachuka Thuo na Miti ya Mwiri ya Kuresoi

Mwalimu Celestine Wachuka Thuo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 huko Kuresoi, kifungua mimba wa marehemu Mzee Njuguna, aliyelima viazi kando ya msitu.

Alisoma hapohapo nyumbani, akahitimu ualimu mwaka wa 1979, na akafundisha bayolojia shuleni Lanet hadi alipostaafu mwaka wa 2016. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyowapa majani wayafikiche na kuyanusa, ya plamu na ya mwiri. "Hawa ni ndugu," aliwaambia. "Wote huchanua maua meupe. Lakini plamu ina mwenyewe kila boma, haiwezi kuisha. Mwiri uko msituni, magome yake ni dawa, na dunia nzima inajua uko hatarini."

Alifunga ndoa na Bw. Thuo tarehe 17 Desemba 1983. Siku hiyo alikataa kupigwa picha chini ya mti uliopigiliwa misumari ya mabango. Maharusi wakapigwa picha juani, bwana harusi amekunja uso.

Mwaka wa 2023 wachuna magome waliingia korongo la Kuresoi na kibali cha kuchuna upande mmoja wa shina. Walichuna pande zote. Miti ya mwiri ikakauka ikiwa imesimama. Mwalimu aliwashtaki kortini. Kwenye baraza, afisa aliyetia sahihi kibali alimwambia, "Mathe, relax. Tumeleta miche ya plamu. Si ni familia moja?"

Mwalimu alisimama. "Nikikuulia ndugu yako nikuletee binamu, utanyamaza?"

Plamu zilipandwa, picha zikapigwa, na kwenye ripoti msitu ukawa umerudishwa.

Mwaka wa 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Kitandani hospitalini Nakuru, kila tulipoingia aliuliza, "Kesi imefika wapi?" Kila mara tulimwambia imeahirishwa. Alifariki tarehe 2 Februari 2025. Kilichomuua ni saratani, lakini alikufa na hasira, na hatutamwombea msamaha kwa hasira hiyo. Ilikuwa haki yake.

Jana afisa yule alituma shada la maua. Mzee Thuo amelirudisha kwa mkono wake.

Ameacha mume wake, watoto wake Kui na Mwaura, na wajukuu wanne.

Yeye apumzike kwa amani, amechoka. Sisi Jumanne tuko kortini.