Fomu Zenu Nilijaza, Yangu Nikaifungia Sandukuni

Ndugu zangu, mwenyekiti wa chama chetu amenipa dakika tano na ameniomba nisitaje mtu. Sitamtaja mtu. Lakini bado nina uchungu, na sitauficha ili mfurahi.

Wengi hapa mnaniita Mwalimu. Kila Januari mlijaa sebuleni kwangu Walthamstow, hapa London, na karatasi zenu za kodi ya mapato, nami nawajazia bure, mke wangu akiwapikia chai. Wote niliwaambia neno moja: jaza fomu hata kama huna hela, fomu ni kitu kimoja, kulipa ni kingine.

Yangu sikujaza. Nilipoacha kuajiriwa nikanunua gari langu la mizigo, hakukuwa tena na bosi wa kunikata kodi kwenye mshahara. Mwaka wa kwanza hela ya kodi ilienda Kisumu, mama alikuwa amelazwa. Nikasema nitajaza nikipata. Mwaka wa pili nikaona aibu ya ule wa kwanza. Barua za watu wa kodi zikija nazitia kwenye sanduku nililokuja nalo nchi hii, bila kuzifungua. Miaka minne. Na ningemuuliza nani, wakati mimi ndiye niliyekuwa naulizwa?

Jumamosi moja mlango ukagongwa. Watu wanne walikuwa kwenye kochi na fomu zao. Afisa wa kodi akalisoma jina langu pale mlangoni, akasema faini na riba zimepanda, na nisipofanya mpango wa kulipa ndani ya siku saba, watachukua gari. Gari hilo ndilo linalotulisha. Mke wangu alijua siku hiyo, pamoja na wageni.

Wageni hao walikusanya karatasi zao kwa adabu, wakaondoka. Kufika Jumapili, hata Tooting, upande wa pili wa London, walikuwa wanajua. Watu niliowajazia miaka yote wakaanza kuulizana kama niliwaibia. Hilo sijalisahau, na wengine mmeketi hapa.

Mmoja wa wale wanne alirudi jioni ile ile ya Jumamosi, dada anayesafisha maofisi. Alikuwa amesahau mwavuli. Akanikuta na sanduku miguuni.

"Mwalimu, fungua."

"Sina hela, dada."

"Nani amekuuliza hela? Si wewe ulinifundisha fomu ni kitu kimoja, kulipa ni kingine?"

Nililia, nawaambia ukweli. Tulifungua barua zote, yeye akizipanga kwa miaka, mke wangu akisoma bila kunitazama. Jumatatu dada huyo alikaa kando yangu nikipiga simu. Fomu nne zikaenda wiki ile ile, wakakubali nilipe kidogo kidogo kila mwezi. Gari lilibaki. Nalipa mpaka leo, pamoja na faini ambazo nisingedaiwa kama ningeifungua bahasha ya kwanza.

Dada, asante. Mke wangu, asante kwa kubaki, najua haikuwa rahisi. Ninyi wengine, barua ikija ifungueni siku hiyo hiyo, na kama inawatisha, mtafuteni wa kukaa naye mkiisoma.

Mwenyekiti anasema mnataka nianze tena kuwajazia. Sawa, njooni Januari. Lakini kwanza ombeni kuiona yangu. Mkikuta sijaijaza, kusanyeni karatasi zenu muondoke. Safari hiyo mtakuwa na haki.